Mkanda wa Paja na Ulimi Wangu Mgumu

Dada Shizue mpenzi,

Pokea salamu kutoka Kanazawa. Natumaini kifua kimepata nafuu na theluji ya huko Aomori haijakuzibia mlango. Sisi tu wazima, tofu yangu ya soya inauzika dukani, ila magoti yangu ndiyo habari yenyewe.

Uliniandikia niache kujifunga mapaja kama kuku wa kupelekwa sokoni. Siachi ng'o! Kuwabara, kijana wa mazoezi pale zahanati, hunivalisha mkanda wa upepo pajani, akaubana hadi damu ipite kwa shida, kisha nanyanyua mguu na kilo moja tu. Paja linawaka moto, lakini anasema ukifunguliwa, maumivu ya goti hupungua makali kwa muda. Ili kuhakikisha, hunibonyeza goti kwa kidude chenye namba inayopanda kadiri anavyokaza, nami niseme pale tu panapoanza kuuma; namba ikiwa kubwa, ndiyo nafuu.

Wiki sita zikaisha, namba ni ile ile ya siku ya kwanza. Mwanangu Yasuhiro, aliyeahidi kuniachia duka endapo mazoezi yatanifaa, akaja na makaratasi ya kulifunga. Eti nimezeeka, nikakae kwake nicheze na paka. Nikamwambia paka wake acheze naye mwenyewe.

Sasa nikuungamie. Unakumbuka tulipokosea Mama alivyotuwashia majani makavu ya dawa mgongoni, na anayelia anaongezewa? Basi siku ile ya kwanza kidude kilipogusa goti niliona nyota, nikanyamaza. Kikafika mwisho wa namba, mimi natabasamu. Ingepanda wapi tena?

Juzi pale zahanati nilimweleza Kuwabara ukweli, Yasuhiro aliyenisindikiza na makaratasi yake akisikia. Kuwabara akashika kichwa, akasema sisi wazee wa mji huu tutamfukuzisha kazi. Tukapima upya. Kabla ya mkanda nilipiga yowe kwenye mbili. Baada yake, kwenye nne. Wagonjwa wote waligeuka, na waangalie!

Yasuhiro akaniuliza nimeumwa tangu lini. Nikamjibu tangu mazishi ya baba yake, miaka tisa, kila siku ya Mungu. Akayachana yale makaratasi, akalia kwa sauti mbele za watu. Na hakuna aliyemchoma, dada.

Duka halifungwi. Msalimie shemeji na majirani wote wanaoniulizia.

Ni mimi mdogo wako, mpiga kelele,
Tomeko