Wembe wa Mdogo Wako Umekatika

Mwalimu Haji,

Salamu sina. Nitakuulizaje u hali gani, nami nilitupa mchanga kaburini mwako kwa mkono huu? Nimekasirika. Nimekukasirikia wewe, uliyebanwa na kifua ukasema ni gesi ya tambi za Wachina. Na huyu mdogo wako Salum ndiye kanimaliza kabisa.

Ametoka Unguja na koti lake, akifika ofisini kwetu huku China ananiita "yule mzee." Jana kaniambia khitma yako ni ya ndugu tu. "Mzee Fransisi, wewe Mkristo wa Nairobi, yeye Mwislamu wa Unguja. Tofauti zenu kubwa. Ilikuwa biashara tu."

Tofauti kubwa! Nilitamani kumtupia kikotoo. Hesabu ya tofauti ulinifundisha wewe, mimi niliyefukuzwa shule kwa kumwigiza hedimasta, tukingoja kontena letu lipakiwe bandarini Nansha. Kila atomu ina nguvu yake ya kuvutia elektroni upande wake. Wewe uliiita elektronegativiti, mimi nikaiita uroho. Toa uroho mdogo kwenye mkubwa. Sodiamu 0.9, klorini 3.0: tofauti 2.1, imepita mpaka wa 1.7, basi mmoja kanyang'anya, mwenzake kabaki mikono mitupu. Hiyo ni bondi ya ioniki, ndiyo chumvi. Ikiwa chini ya hapo wanatumia elektroni pamoja, bondi ya kovalenti, kama ndani ya maji. "Kama sisi na sufuria," ukasema. Na ukoko ulikomba wewe kila siku!

Halafu siku ile laoban, yule bosi wa duka la vioo, alipotuchorea mlango wa kioo wa ofisi, H yako na F yangu, kwa asidi inayokula kioo. Ukauliza asidi gani. Akajibu, ya haidrojeni na florini! Ukaruka kama mtoto: "Fransisi, H na F, ni sisi!" Nikapiga hesabu nikuaibishe. Haidrojeni 2.1, florini 4.0, tofauti 1.9. "Basi sisi chumvi, Mwalimu. Mmoja wetu mwizi." Ulicheka hadi kofia ikaanguka. Ukasema hapana, wale wawili wanatumia pamoja, ijapokuwa florini anavutia kwake kwa nguvu. Hesabu ile ni ya kubashiri, ukasema, si msahafu. Nikauliza, kwa nini inakosea hapo? "Nitakueleza kesho."

Kesho gani, Haji? Kesho gani, mhuni wewe? Umeondoka na jibu langu.

Leo asubuhi nimemkuta Salum mlangoni na wembe, anaikwangua F. Alidhani ni stika! Kakwangua, kamwagia maji ya moto, kakwangua tena, mpaka wembe ukakatika. Akanigeukia, jasho linamtiririka: "Mzee, gundi gani hii?"

Nilicheka, Mwalimu. Nilicheka nikaishia kulia, wapakiaji wote wananitazama. Nikamwambia, "Si gundi, mwanangu. Ni bondi."

Hakuelewa. Nikamshika kidole nikakipitisha juu ya F, aone kioo kimeliwa, hakikubandikwa kitu. Kisha juu ya H. Hapo kidole kikakaa. Akaondoka, na kipande cha wembe kaniachia kizingitini.

Haya, lala. Jibu langu litunze, nitalifuata mwenyewe, na ole wako uwe umelisahau. Khitmani nitakwenda, aniite asiniite. Nitavua viatu, nitakaa kimya, mimi huyu! Na pilau ikiletwa, ukoko siugusi.

Ukoko ni wako.

F.