Wanamjadili Mume Wangu kwa Kinyozi

Ijumaa, usiku.

Ukungu haukuondoka mapema leo. Ulikaa juu ya mabati ya soko mpaka mchana, na wateja walikuja dukani wamejifunga mashuka hadi masikioni. Nina huzuni ambayo sijui niiweke wapi, kwa hiyo naiweka hapa kwenye blogu. Majina nimeyabadilisha yote. Watu wa Mbulu wakitaka kunijua watanijua tu, lakini angalau nimejaribu.

Ninauza dawa za mifugo. Duka langu limepakana na la Bura, kinyozi, na kati yetu kuna ukuta wa mbao tu. Kinachosemwa kwake nakisikia kama kimesemwa kwenye kaunta yangu. Na tangu msimu uishe, kwa Bura wanazungumza jambo moja.

Mume wangu.

Gidashi anacheza mpira wa kikapu. Wao wanamwita Mlonjo, kwa ajili ya miguu yake mirefu. Alizaliwa tambarare za Hanang, kwenye boma la wafugaji, akaja kusoma huku kwetu juu, na ni mwalimu Lohay aliyempa mpira kwa mara ya kwanza kwenye uwanja wa saruji wa shule. Baadaye akachukuliwa na timu moja ya Arusha. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyesimama chini ya kikapu chao, na mpira uliorudi ulikuwa wake. Mji huu ulikuwa haujui kikapu. Umekijua kwa sababu yake, na hata akina mama wanaonunua dawa ya kuogeshea ng'ombe huniuliza kama jana tulishinda.

Sasa mkataba wake umeisha. Ni mchezaji huru. Arusha walisema watampigia, na timu moja ya Dodoma iliulizia habari zake. Basi mjadala ukaanza.

Bura mwenyewe haoni cha kujadili. Bila Mlonjo, anasema, timu ile ni jezi tu zimeanikwa kwenye kamba. Nani atakwenda uwanjani? Nani atalipa kiingilio kuwaangalia wale wafupi wakikimbizana? Anayempinga ni Hhando, dereva wa bodaboda anayeegesha mbele ya maduka yetu. Hhando hupata mechi kwenye simu na huziangalia kwa makini kuliko mtu yeyote ninayemjua. Yeye anasema Mlonjo siku hizi harudi kulinda. Anaruka mara moja, mara ya pili anabaki chini. Anasema timu imeshazoea kushinda yeye akiwa benchi, ila watu wa Mbulu hawataki kuona.

Nikipita mlangoni wananyamaza. Halafu mmoja anasema, "Shemeji, habari za leo? Bwana anasaini wapi?"

Nami nasema bado.

Kitu wasichokijua ni goti. Gegedu la goti lake la kulia limelika. Daktari alituonyesha picha, akatueleza polepole, kama anayezungumza na wazee: akiendelea kucheza, itafika siku kutembea kwenyewe kutakuwa shida. Tulipofika stendi ndipo Gidashi akasema tusimwambie mtu mpaka atakaposaini. Alitaka msimu mmoja tu, wa kuagana, hata kama ni kwa sindano.

Sikubishana naye. Nilimpikia, nikamkanda goti kwa maji ya moto, nikafunga mdomo. Kila jioni aliniuliza, "Leo wamesemaje kwa Bura?" Nami nilimsimulia, ya Bura na ya Hhando, kwa sababu alisema nikimchujia atajua. Alikuwa anasikiliza kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari ya nchi nyingine.

Leo alikuja dukani kunichukua. Tulikuwa tumepanga kwenda Tumati kwa wazazi wangu, tulale huko mpaka Jumapili. Aliinama mlangoni kama kawaida yake, akasimama kati ya chupa za dawa ya minyoo, na kabla hajanisalimu vizuri sauti ya Hhando ikapita kwenye mbao.

"Mimi nampenda kuliko wewe. Ndiyo maana nasema apumzike. Wewe unataka aendelee mpaka achekwe?"

"Achekwe na nani?" Bura akapaza sauti. "Wale wa Arusha watakuja hapa kumpigia magoti. Bila Mlonjo wao ni nani? Niambie. Ni nani?"

Nilimwangalia mume wangu usoni. Nilidhani maneno ya Hhando ndiyo yatakayomchoma. Hapana. Ya Hhando aliyapokea kwa kuinamisha kichwa, taratibu, kama mtu anayekubali. Ilikuwa ni Bura aliyemfumbisha macho.

"Twende zetu," nilimwambia. "Tutakosa gari la Tumati."

"Wananizungumza kama nimekufa," akasema. "Ngoja wanione."

Nilifunga droo nikamfuata. Kwa Bura walikuwa watatu tu. Bura mwenyewe na wembe mkononi, Hhando kwenye benchi na helmeti mapajani, na kwenye kiti mwalimu Lohay, aliyestaafu sasa, nusu ya kidevu imenyolewa na nusu ina povu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Hakukaa. Alisema akiwa amesimama, mkono mmoja umeshika boriti. "Hhando, umeona vizuri. Goti limekwisha. Sitasaini Arusha wala Dodoma. Sitacheza tena."

Hata mimi nilikuwa sijui. Nilikuwa sijui kwamba ameamua. Nadhani na yeye alikuwa hajui mpaka alipolisikia likitoka mdomoni mwake.

Nilitegemea Hhando atafurahi, maana alikuwa ameshinda ubishi wa mwezi mzima. Aliinuka akatoka nje, akasimama kwenye pikipiki yake, ametugeuzia mgongo. Alikuwa anafuta kioo cha pembeni kwa mkono wa sweta, anafuta na kufuta.

Bura ndiye aliyekasirika.

"Nani kasema limekwisha?"

"Daktari."

"Madaktari wako wengi! Kuna Dar, kuna India. Kaka, msimu mmoja tu. Kwa ajili yetu. Sisi tutazungumza nini sasa hapa?"

Gidashi aliinama. Alipandisha suruali. Goti lilikuwa limevimba, linang'aa kama kiazi kilichooshwa. Bura aliliangalia mara moja, akageuka, akaanza kufagia nywele sakafuni huku mteja wake bado ana povu.

Mwalimu Lohay alijifuta kidevu mwenyewe kwa taulo. Akauliza, "Wenzako Arusha wanajua?"

"Bado, mwalimu."

"Wapigie leo. Wapigie wewe kabla hawajakupigia."

Tumati hatukwenda. Tulirudi nyumbani kwa miguu, polepole. Kwenye ule mteremko wa kanisani nilimpa bega langu na akalikubali. Watu walitusalimu njia nzima. Mmoja alimwita Mlonjo kwa sauti kutoka ng'ambo ya barabara, na Gidashi akainua mkono kama anavyoinua siku zote.

Alipiga simu tukiwa mezani. Aliiweka kwenye spika kwa sababu alitaka na mimi nisikie. Alikuwa ameyapanga maneno. Alimshukuru kocha, akaishukuru timu, akaeleza habari za goti, akasema anajua anawaacha katika wakati mgumu na anaomba wamsamehe.

Kocha alikaa kimya kidogo. Niliposikia ule ukimya moyo wangu ulipata joto. Nikasema moyoni, ameumia. Amekosa la kusema.

"Pole sana, Gidashi," akasema. "Pole, ndugu yangu. Ila kusema kweli umeturahisishia. Nafasi yako tumeshaijaza. Tumesajili mtu kutoka Mwanza. Tulikuwa tunatafuta namna ya kukuambia."

Mume wangu alisema, "Asante, kocha." Aliuliza hata habari za familia yake. Kisha akaiweka simu kifudifudi juu ya meza, na mimi nikaenda jikoni kuangalia moto ambao nilikuwa nimeshauzima.

Nimewahi kufiwa. Najua watu hufanya nini: huja, hukaa, huleta unga, huimba. Kwa hili hakuna anayekuja. Mtu mzima, mzima wa afya kwa macho ya watu, amekaa kwenye kiti nyumbani kwake na kitu alichokuwa nacho tangu ujana kimeondoka, na hakuna hata jirani wa kubisha hodi kusema poleni.

Niliporudi alikuwa bado amekaa vilevile.

"Hhando alishaliona na hili," akasema.

Nikamwambia Hhando alilia. Nilimwona kwenye kile kioo cha pikipiki. Alitikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza leo machozi yakamtoka, bila sauti, na mimi nikasimama nyuma ya kiti nikaweka mikono kwenye mabega yake mapana. Tulikaa hivyo mpaka chumba kikaanza kuwa na giza na ikabidi niwashe taa.

Baadaye akasema jambo moja tu. "Bura asijue."

Nimelifikiria. Timu imeendelea bila kusubiri hata simu yake, na ilikuwa na haki ya kuendelea. Hakuna aliyemkosea mtu. Kocha alikuwa mpole. Labda ingekuwa rahisi kama angekuwa mkali, ningepata wa kumchukia.

Gidashi amelala kitandani na viatu miguuni, na mimi naandika haya kwenye simu nikiwa mlangoni. Ukungu umeshuka tena, sioni hata soko. Bura hasomi mambo ya blogu. Yeye husoma matokeo ya mechi tu.

Kesho nitafungua duka kama kawaida. Najua Bura atagonga ule ukuta wa mbao kabla sijamaliza kufagia, aniulize Arusha walisemaje walipopata habari. Ataniuliza kama walilia.

Nitamwambia walilia.