Kadzo Watano, Kompyuta Ikabakisha Mmoja

Ijumaa, Mishomoroni. Joto la kunata, mawingu yamekaa tu hayanyeshi. Mimi si mtu wa kuogopa. Ukoo mzima wajua niliwahi kumzaba kofi chatu mwenye urefu wa trela kule Changamwe, akageuza njia.

Leo naogopa.

Jumapili ni ibada ya kumkumbuka mama. Kwetu majina ya wajukuu walio hai husomwa kaburini, mmoja mmoja. Nikajigamba mbele ya ukoo kwamba kazi ya kuyapanga haitaki karani, nitaifanya kwa Python, lugha ya kuiamuru kompyuta. Shule niliiachia darasa la saba, lakini hii Python nimeinyonya kwenye video za simu mpaka ikanikoma.

Majina yalikuja kwa ujumbe, nikayaunga yakawa utepe mmoja wa maandishi. Kwa kompyuta maandishi ni herufi tu, haijui humo mna watu. Mpaka uyarudishe yawe mkusanyiko, ndipo itaona jina na jina. Amri yake ni literal_eval. Nikayafunga kwa mabano ya mawimbi, {}, kwa sababu yanapendeza kuliko yale ya mraba. Nikabonyeza. Majina yakatoka, nikayarusha kwenye kundi la ukoo bila kusoma mara mbili.

Sikujua mabano ya mawimbi huzaa seti, na seti haikubali kitu kujirudia.

Mama alikuwa Kadzo. Sisi ndugu watano, kila mmoja binti yake wa kwanza ni Kadzo. Kompyuta ikabakisha mmoja. Na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, kila mtu akajua huyo ni wangu.

Sidi, mke wa mdogo wangu wa Likoni, akapiga simu. Kadzo wake amelazwa, homa haishuki.

"Shemeji, mwanangu yuko wodini anapumua. Wewe ushamtoa kwa walio hai?"

"Si mimi, shemeji, ni kompyuta."

"Kompyuta ndiyo iliyojisifu mbele ya ukoo?"

Akakata. Nimempigia tena na tena, hapokei.

Kurekebisha kulikuwa kitu kidogo, aibu kusema. Maandishi ya mwanzo yalikuwa mazima. Nikaweka mabano ya mraba, yakarudi kuwa orodha, na Kadzo wote watano wakasimama. Nimeituma upya kwenye kundi.

Je, kama kuna maneno mtu hapaswi kuyatamka hata kwa kukosea? Na mimi nimeyatamka mbele ya ukoo mzima?

Seti haijui wa kwanza wala wa mwisho. Orodha inajua. Kwa hiyo yule wa wodini nimemweka juu kabisa, mbele ya Kadzo wangu, na nimeandika jina la baba yake kando.

Kukicha navuka feri. Nitamwonyesha Sidi orodha hiyo kwa mkono wangu, anitukane atakavyo.

Mungu wangu, nimkute Kadzo mwenyewe amekaa kitandani, aniulize, "Bamkubwa, jina langu liko wapi?"