Ni Macho Tu

Jumanne, 14 Januari 2025

Kope la kulia limeng'ang'ania jicho tena. Ukifungua kwa haraka unachubua, daktari alishanionya. Basi nililala hapo macho yamefungwa, nikipapasa meza kutafuta kichupa cha dawa. Matone mawili. Kungoja. Ndipo nikafungua, polepole, na bado yaliuma hadi nikauma shuka.

Miezi miwili na siku kumi tangu nifanyiwe laser ya macho. Na lazima niandike ukweli: naona! Asubuhi naona kuliko mtu yeyote hapa Section 58, Nakuru. Nasoma namba za magari yakiwa mbali kule. Lakini ikifika saa nne ni mchanga, moto, ukungu. Saa nane natamani kuyang'oa.

Nilivaa miwani tangu darasa la tatu. Muiruri, mchumba wangu, ndiye alisema nifanyiwe laser, iwe zawadi yake ya birthday, ili kwenye picha za harusi watu waone macho yangu. Mimi ndiye nilikubali, kwa hivyo simlaumu. (Namlaumu kidogo.) Majuto ni mjukuu. Wangu amekuja hata sijaolewa.

Ijumaa, 17 Januari

Upepo. Vumbi. Na mimi nauza dairy meal, chakula cha ng'ombe! Kila gunia likifunguliwa hapa agrovet ni wingu zima usoni. Saa tano machozi yakaanza kumwagika. Sikuwa nalia. Yalikuwa yanamwagika tu, mpaka kidevuni.

Mzee mmoja kutoka Bahati alikuja kununua dawa ya kupe. Akaniona, akavua kofia. Akauliza nimefiwa na nani. Nikamwambia ni macho tu. Akasema pole mami, mtu asijikaze sana, hata Yesu alilia — akaniachia parachichi mbili juu ya kaunta. Becky mwenye duka alicheka hadi akakaa kwenye gunia. Mimi pia nilicheka. Kisha nikaenda stoo nikasimama kati ya magunia, na huko sikucheka.

Jambo nisiloelewa: macho makavu yanatoa wapi maji yote haya?

Jumapili, 26 Januari

Aibu! Aibu kubwa!

Tulikuwa kwenye matangazo. Matangazo ya kuchangia choo cha kanisa! Macho yakafunguka kama mfereji. Pastor akaweka karatasi chini. Akasema kuna dada hapa Bwana anamgusa. Wamama watatu wakanizunguka, mikono kichwani pangu, mmoja akikemea roho ya huzuni itoke, itoke sasa hivi. Ningesema nini? Nikasema amina.

Huzuni yenyewe ilikuja baadaye, nikirudi nyumbani kwa miguu, leso usoni, watu wakinipisha njia.

Jumatano, 29 Januari

Kwa daktari wa macho hapa mjini, Daktari Chepchumba. Mwanamke mpole, haongei haraka. Aliniwekea karatasi nyembamba ndani ya kope la chini, moja kila upande, akaniambia nifumbe dakika tano. Karatasi ilipaswa kulowa hadi katikati hivi. Yangu ililowa milimita tatu. Upande wa kushoto mbili.

Nikamwuliza na yale yanayomwagika je? Akanichorea kwenye bahasha. Juu ya kioo cha jicho kuna mishipa midogo ya fahamu, kazi yake kuliambia jicho "umekauka, leta machozi." Laser ilipokata, ilikata na hiyo. Sasa jicho linakauka wala halijui. Likija kushtuka ni kuchelewa, linaanza kuchoma, linamwaga maji mengi ovyo. Lakini hayo ni maji matupu, hayana mafuta, yanateleza yote shavuni. Jicho linabaki kavu vile vile.

Yaani nalia na sipati hata faida ya kulia.

Mishipa hurudi, akasema. Kwa wengi miezi sita, mwaka. Nikauliza na wale wasio wengi. Akasema tusifike huko. Akaniandikia mafuta ya usiku, na vitambaa vya moto asubuhi na jioni. Akasema niepuke upepo, moshi na vumbi la aina yoyote. Sikumwambia naolewa wapi.

Jumatatu, 3 Februari

Siku mbaya. Taa zote naziona zina pembe, kama nyota. Sitaki kuandika.

Jumamosi, 8 Februari

Elburgon, kwa kina Muiruri. Nilienda kuonyeshwa nyumba tutakayokaa.

Nyumba ni nzuri. Ya mbao, ina mahali pa moto, dirisha la jikoni kubwa. Na dirisha hilo linatazama mashine ya kupasulia mbao, hatua thelathini hivi. Nilijua ana kiwanda, nilishafika, lakini zamani zile nilikuwa na miwani na macho yangu mwenyewe. Leo mashine ilipowashwa nililiona vumbi la mbao likija hewani, taratibu, la dhahabu. Nililiona vizuri sana. Hiyo ndiyo kazi ya laser.

Dakika kumi tu. Sikuweza kufungua. Nilisimama kwenye ua nimeshika nguzo, maji yakitiririka, nikimwita. Alikuja, akanishika bega, akawageukia vijana wa mashine: "Mnaona? Bibi yangu akiniona tu analia. Hiyo ni mapenzi, bana!" Wakacheka sana. Si vibaya, najua hakutaka vibaya.

Mama yake alinipeleka ndani akaniosha uso. Ana macho mekundu, kope hazina nywele. Akasema, "Vumbi ni mwaka wa kwanza tu, mimi nilizoea." Hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama pembeni kidogo ya uso wangu, na nikashindwa kumwuliza anaona kiasi gani.

Alhamisi, 13 Februari

Nimemwambia Muiruri. Nilijizoeza kutwa nzima nikipima mbegu.

Nikasema tupange nyumba Nakuru, hata chumba kimoja, awe anaenda Elburgon na kurudi. Ama tujenge upande mwingine, mbali na mashine. Hata mwaka mmoja tu, mpaka mishipa irudi. Alinisikiliza hadi mwisho, sitamsingizia. Halafu akasema watu wa mbao hukaa penye mbao, na mashine isiyolala na mwenyewe huibwa mikanda. Akasema nitazoea. Akasema nivae goggles.

Nikasema daktari alisema vumbi la aina yoyote. "Waithera, watu wanaugua cancer. Wewe ni macho tu."

Macho tu! Sasa mtu ataona kwa kutumia nini kingine? Hayo nayaandika hapa tu. Macho yakaanza kuchoma, yakamwaga, akanifuta kwa kidole gumba akasema usilie, usilie. Nikasema silii. Akasema najua, ni macho. Tukaishia hapo. Sijui ni nani alishinda lakini si mimi.

Jumatano, 19 Februari

Zimebaki siku tatu kabla ya ruracio, sherehe ya mahari. Mum amepiga simu mara nne kuhusu mchele.

Becky aliniuliza nikiwa kwenye kaunta: unalia ama ni macho? Nikasema ni macho. Mteja alipoondoka nikajiuliza mwenyewe. Hata hilo limeniponyoka. Mtoto mchanga anajua akilia. Mimi sijui.

Jumamosi, 22 Februari

Niko chumbani kwa Mum, Njoro. Mlango umefungwa. Tata Wangare, dada yake Baba, amekaa nje ya mlango kwenye kiti. Nimeomba dakika kumi. Naandika haraka.

Wageni walifika saa sita. Nyimbo langoni, mbuzi, kila kitu sawa. Tukafunikwa leso kichwa hadi miguu, wasichana saba tumepanga mstari, Muiruri aje amtambue wake. Alipita mara moja tu. Akanishika. Wakamwuliza umejuaje, akaonyesha: leso yangu ililowa kifuani. Vigelegele! Hema zima likacheka.

Nikafunuliwa. Nikapewa kibuyu. Baba ameokoka, muratina, pombe yetu ya kienyeji, haiingii boma hii, kwa hivyo ni uji wa wimbi. Lakini desturi ni ile ile: msichana akionja akampa baba yake, amekubali, wazee wote wanakunywa. Asipoonja, wageni wanarudi na mbuzi zao. Guka Kihara, ndugu ya babu yangu, akasimama na fimbo akaniuliza mbele ya watu wote: "Mwari wangu, hii kitu tukunywe, ama tusikunywe?"

Nikainamisha kichwa nionje. Machozi yakaanguka ndani ya uji. Moja, mbili. Kisha mengi.

Nilisikia hema likipigwapigwa na upepo.

Guka akasema yeye hanywi. Ana miaka themanini na nane na hajawahi kunywa machozi ya mtoto wa mtu. Wazee wa upande wetu wakaweka vikombe chini. Wa Elburgon wakatazamana. Mum akaziba mdomo kwa mkono.

Muiruri akasimama, anatabasamu. "Wazee, msiwe na wasi. Hii ni kitu ya macho tu. Ni ile laser. Hata akiangalia TV analia." Watu wakapumua. Baba akasema kweli, kweli, ni macho, hata kanisani. Becky kule nyuma akasema hata dukani. Wote wanashuhudia! Mtu angedhani ni kesi nimeshinda.

Guka akasema vizuri. Lakini aseme msichana mwenyewe. Wakanileta huku ninawe uso, nikirudi niulizwe mara ya pili. Hakuna ya tatu.

Tata alinipa maji, akauliza kwa sauti ndogo, "Ni macho, ama ni wewe?" Nikaomba dakika kumi.

Wanaimba tena huko nje kupitisha muda. Nyama imeiva, naisikia harufu. Neno moja tu linatakiwa na kila mtu ameshanitafunia. Muiruri ni mtu mzuri. Hajawahi kunipiga, hajawahi kunidanganya. Nikisema ni macho wataniamini, watakunywa, na Jumatatu nitaamini hata mimi. Nitaona vizuri asubuhi, mpaka mashine iwashwe.

Lakini kila mara huanza kuchoma kwanza. Kila mara! Mchanga, moto, ndipo maji. Nimesimama mbele ya kioo cha Mum na kuvuta kope chini. Macho meupe. Baridi. Yanatiririka na hayachomi hata kidogo.

Tata anagonga. Anasema wazee wamesimama. Anasema, "Mami, si useme tu ni macho, twende," na sauti yake inabembeleza. Naandika hapa kwanza, kabla sijafungua mlango: si macho, ni mimi.