Mti Mbele ya Lango la Bi Zuwena

Maskati

Mamangu mpenzi,

Shikamoo mama. Natumai maneno haya yatakukuta umekaa barazani, goti limetulia, na ile dawa ya kuchua aliyokuletea Dada Rehema unaitumia kweli, hujaificha kabatini. Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Nala vizuri, nalala vizuri, ila jua la huku, mama! Wewe unayelalamikia la Muyeye, ungekuja huku ungeliomba radhi.

Uliniuliza ni kazi gani hii ya kupanda miti katikati ya mji, simu ikakatika. Basi nikueleze. Mitaa ya huku ni saruji na lami tupu. Joto la mchana linabaki kutani hata usiku watu hawapumui, na mvua ikinyesha maji hayana pa kuzama, yanaingia majumbani. Ndipo wakubwa wa mji wakaamua saruji ya kandokando ya njia ibanduliwe, ipandwe miti. Mingi ni mikilifi, miarobaini hii hii yetu ya nyumbani.

Mtaa mmoja tulipofika kuchimba, alitoka bibi mzee, Bi Zuwena, akaja akasimama palepale tulipotia alama, fimbo mkononi. Msimamizi wetu, Salim, akamsihi kwa Kiarabu, wapi! Bibi akabaki kunung'unika peke yake, kwa Kiswahili: "Watanipasulia birika langu la maji humu chini hawa, halafu nani atanijengea?"

Nilishtuka. Nikamwambia, "Shikamoo bibi. Birika liko upande gani?"

Akanigeukia. "Marahaba. Wewe mtoto wa wapi?"

"Wa Malindi, bibi. Muyeye."

Kumbe yeye kazaliwa Unguja, akaletwa huku angali kigori. Akanionyesha birika lilipo, na kweli, tungechimba pale tungelitoboa. Nikamfasiria Salim, naye akakubali tuhamie upande wa pili wa lango. Bibi akatupisha, lakini akaninyooshea fimbo: "Mti huu ukifa, nitakutafuta wewe."

Na nusura ufe, mama. Kiangazi kilipopamba moto, lori letu la maji likaharibika, vipuri vikakawia. Nilipita kila asubuhi nikiona majani yamejikunja mtaa mzima, moyo ukiniuma kama nimeacha mgonjwa. Mwisho nikabisha hodi kwa Bi Zuwena, nikamweleza. Nilingoja matusi. Yeye akasema, "Humu ndani tunatawadha mara tano kwa siku. Maji yale yanakwenda wapi?"

Akaamuru beseni liwekwe chini ya bomba. Halafu akavaa buibui lake, akaanza kupita nyumba hadi nyumba, mimi nyuma yake na ndoo. Pengine tulifungiwa mlango. Pengine waliona haya kumkatalia mtu mzima. Lakini ilipofika wiki iliyofuata, kila jioni ungeona mtu ametoka na sufuria au kopo anamwagia mti wa mlangoni kwake. Michache ilikauka. Mingi imeshika, na sasa inapita ukuta kwa urefu.

Salim amenikabidhi mtaa mwingine niusimamie, kwa hiyo Idi hii sitakuja, mama. Hilo limeniuma, sikufichi. Lakini kazi naipenda, na naamka nikiwa na hamu nayo.

Ijumaa iliyopita nilipita mtaa ule baada ya alasiri. Watu wametandika mikeka nje, jambo ambalo sikuwahi kuliona pale. Bi Zuwena alikuwa anakunywa kahawa na mama mmoja wa nyumba ya ubavuni. Akanivuta karibu, akaninong'oneza:

"Huyu tumepakana tangu wanangu wadogo. Jina lake nimelijua mwaka huu, alipokuja kuniuliza kama mti wangu umekunywa."

Nisalimie Dada Rehema na wanawe, baba mdogo kule Ganda, na maalimu wangu wa chuoni, mwambie dua zake zanifikia. Wewe nakubusu mikono yote miwili.

Mwanao akupendaye,
Athman