Muguu niliokanda na maji moto

Furaha mwanangu, nakusalimia kutoka hospitali ya Bukavu.

Mvua inanyesha kila siku, na sambaza, samaki wadogo wa ziwa la huku, sizisikii utamu. Munganga anasema ndani ya mushipa kuko kangozi laini kanakosaidia damu itembee. Mutu akilala sana, damu inaganda pale, ndiyo maana muguu wa dada yako, aliyezala juzi, ulivimba.

Akaniuliza: «Mama citoyenne, nani alimukataza kusimama kisha kuzala?»

«Mimi, munganga. Kwetu mwenye kuzala analala mwezi muzima.»

Na ule muguu niliukanda na maji moto, asubuhi na magaribi. Kumbe ningesukuma damu ngumu mpaka ku mapafu, akufe.

Leo amekunywa supu kidogo.

Wewe nawe tumbo limekomaa. Ukizala, utembee. Nikikukataza, usinisikie.

Mama yako anayekuwaza