Namba ya Mlangoni

Jumanne, Al-Baghdadiyah, Jeddah

Nimemnyang'anya Otieno, mwenzangu wa chumba, kitambaa kwa nguvu, na bado amenuna. Watu wa manispaa wamepaka namba nyekundu kwenye mlango wa chumba chetu, naye akataka kuifuta.

Nikiwa mdogo kule Nairobi, serikali ilipoandika namba kwenye vibanda ili itujengee nyumba bora, ya kwetu niliisugua mimi, nikidhani ni uchafu. Wenye namba walipata funguo. Sisi tuliletewa tingatinga.

Jioni mwenye duka akatusomea Kiarabu kilichoandikwa chini ya namba: jengo litabomolewa.

"Na vile ulikuwa unailinda," akasema Otieno.

Halas, yamekwisha. Kitambaa bado ninacho mkononi. Ninachosikia ni sauti ya mama siku ile niliyosugua namba, akipapasa mbao: "Mlango unang'aa, baba. Asante."